Kulipa Madeni ya Baba Kando ya Reli ya Kati

Jumatatu: Morogoro hadi Kilosa

Siku ya maziko shehe aliuliza kama ilivyo ada: yupo anayemdai marehemu? Watu wakatazamana. Mzee mmoja akasema kwa sauti kwamba yule hakuwa mtu wa madeni, wengine wakaitikia, tukazika. Mama alikuwa ndani na wanawake, hakusikia. Arobaini ilipopita ndipo alipotutolea daftari.

Ni daftari la shule, la mistari, mgongo wake umeshikizwa na plasta ya kidonda. Karibu lote ni mambo ya kazi: tarehe, namba ya kilomita, boliti zilizobadilishwa, mvua imenyesha au haikunyesha. Ukurasa wa mwisho ndio una neno moja juu, limepigiwa mstari mara mbili: NADAIWA. Chini yake kuna mambo manne.

Gulwe, mama wa uji. Watu 12, siku 9. Nimelipa nusu.
Itigi, fundi. Sanduku. Bado 6,000.
Tabora, nyundo (si yangu).
Dada. Nauli, 1973.

Kumbe wadai wapo, ila hawakuwa msibani. Wametapakaa kwenye njia aliyoifanyia kazi maisha yake yote. Mama akasema twende, mimi na mdogo wangu, tupite kituo kimoja kimoja. "Roho ya baba yenu haiwezi kuning'inia kwa sababu ya uji."

Mdogo wangu ni mtu wa mahesabu, ndiyo kazi yake. Alikaa jioni nzima akitafuta shilingi ya 1973 ni sawa na shilingi ngapi za leo, akajaza karatasi. Mama akaisoma, akairudisha. Akasema uji unalipwa kwa bei ya uji wa leo, sanduku kwa bei ya sanduku la leo. "Na nauli?" Akafikiri kidogo. "Wifi yangu aliuza mbuzi. Lipeni mbuzi." Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hesabu pekee ya maana iliyofanyika siku ile.

Basi la Kilosa linapita Dumila, kisha linashuka upande wa Rudewa kwenye mkonge. Tungeweza kupanda treni tangu Morogoro, lakini nilitaka kufika Kilosa mchana. Nyundo ilikuwa kwenye begi la mdogo wangu, imefungwa kwenye taulo. Kondakta alilinyanyua lile begi, akaliweka chini, akauliza tumebeba nini. "Urithi," mdogo wangu akamjibu.

Jumanne: Kilosa

Hapa ndipo nilipozaliwa, mwaka 1986, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Baba alikuwa ameshakaa kazini miaka kumi na tatu. Aliajiriwa 1973 kama kibarua wa gangi, enzi za East African Railways. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 na Tanzania ikaunda shirika lake, alikuwa akisema kwamba jioni alilala akiwa wa Afrika Mashariki, asubuhi akaamka wa Tanzania, na sururu ni ile ile aliyoiacha nje ya mlango.

Abiria wengi hawajui gangi ni nini, kwa sababu ukiwa ndani ya behewa unawaona kwa sekunde mbili tu: wanaume wamesogea pembeni, wameshika vyuma, wanapunga mkono. Kila kundi lina kipande chake cha njia. Wanabadilisha mataruma yanayolazwa chini ya reli kuibeba, wanashindilia kokoto chini yake ili reli isizame upande mmoja, wanafyeka nyasi, wanazibua mitaro. Na kila siku lazima mtu mmoja atembee kipande chote kwa miguu, kabla treni haijapita, akikagua kiungo kwa kiungo. Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa Baba.

Vipimo vyake nilivijua kabla ya jedwali la kuzidisha. Kati ya reli na reli ni milimita 1,000, wala si 1,010. Kwenye kiungo lazima ubaki mwanya, kwa sababu chuma kinarefuka jua likiwaka; mwanya ukiziba, reli haina pa kwenda, inajipinda kama nyoka. Usiku wa baridi mambo yanageuka: chuma kinajivuta, na penye ufa panapasuka. Kwa hiyo Oktoba aliogopa mchana, Julai aliogopa alfajiri.

Tuliwakuta vijana wa gangi karibu na stesheni wakipumzika chini ya mti. Tulipowaeleza tumetokea wapi na Baba alikuwa nani, mmoja akainuka bila kuombwa akatuonyesha. Aligonga boliti ya kwanza kwa nyundo ndogo: mlio mkali, mfupi. Ya pili, ya tatu, hivyo hivyo. Ya nne ikatoa mlio mzito, wa chini, kama uliomezwa. Akaweka spana, akaivuta nusu mzunguko, akagonga tena. Ikalia kama wenzake. Mdogo wangu akaomba nyundo ajaribu, akagonga kama kumi, akasema zote anazisikia sawa. Yule kijana akacheka, akasema hata yeye mwaka wa kwanza zilikuwa sawa.

Nyumba yetu ipo, ukuta wa mawe ule ule, sasa wanaishi watu wengine. Mama mwenye nyumba alituruhusu kuingia uani. Sikukaa sana. Nilitaka tu kuona kile kibaraza ambacho Baba alinisukia nywele.

Mama alikuwa amelazwa, anajifungua huyu mdogo wangu, na kukatokea shida, akabaki hospitali kwa muda. Shule inaanza Jumatatu. Majirani walijitolea kunisuka, Baba akakataa, akasema mtoto ni wake. Akanikalisha kati ya magoti, kitana mdomoni, akaanza twende kilioni. Mstari wa kwanza ukapinda. Akaufumua. Akasuka tena, akaegemea nyuma, akafumba jicho moja kama anavyotazama reli ikinyooka mbele yake, akafumua tena. Nilikaa pale hadi nikasinzia. Nilipoamka jua limezama na kichwa kinauma, lakini mistari ilikuwa imenyooka kuanzia paji la uso mpaka kisogoni. Mwalimu aliniuliza nani amenisuka. Nikamwambia, hakuniamini.

Nyuma ya mji kuna mto Mkondoa. Ukiutazama wakati wa kiangazi huwezi kuudhania ubaya: mchanga mwingi, maji kidogo. Lakini kutoka Kilosa hadi Gulwe Wajerumani walipitisha reli kwenye bonde la mto huu, kwa kuwa ndiyo ilikuwa njia rahisi ya kupenya milimani. Walianzia Dar es Salaam 1905, wakafika Dodoma 1910, Tabora 1912, Kigoma 1914. Tangu hapo mto na reli vinagombania nafasi. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilibeba tuta, vipande vya reli vikabaki vinaning'inia hewani na mataruma yake. Mapema mwaka 2010 mto ukarudia, ukaifurika Kilosa yenyewe, treni zikakatika kwa miezi. Reli mpya ya kisasa imeamua kutoshindana: imepanda juu, ikatoboa milima kwa mahandaki.

Mwaka 2010 Baba alikuwa ameshastaafu, yuko Morogoro. Alikaa na redio mkekani. Kila taarifa ya habari ikitaja sehemu ilikokatika, alitamka mahali panapofuata kabla ya mtangazaji. Munisagara. Mzaganza. Kidete. Godegode. Mama alimwambia azime, ale. Alikula redio ikiwa mapajani.

Treni yetu ilikuja usiku.

Jumatano: Gulwe

Sikuona kitu bondeni, giza. Nilisikia tu: mwendo ukipungua, magurudumu yakihesabu viungo polepole, kisha daraja, kisha tena kokoto. Tulishuka Gulwe kukipambazuka, baridi ya kule inauma masikio.

Mama wa uji amefariki. Hilo tuliambiwa na mtu wa kwanza tuliyemuuliza. Lakini binti yake anauza palepale, na ni rika langu. Tulinunua uji kwanza, tukanywa, ndipo tukaeleza.

Hakushangaa. Akafunika sufuria, akakaa.

Alisimulia kwamba mwaka ule wa mafuriko magangi yaliletwa kutoka kila upande, mengine kutoka mbali, na la Baba lilitoka Itigi. Chakula chao kilikuwa kinakuja na treni ya kazi, na treni ya kazi yenyewe ikakwama. Mama yake alikuwa na unga wa mtama wa kumtosha yeye na watoto hadi mavuno. Akaupika. Siku tisa, watu kumi na wawili, asubuhi uji, jioni ugali na mlenda. Hakudai chochote. Baba ndiye aliyekuwa anahesabu vikombe.

"Alilipa nusu mshahara ulipotoka. Nusu nyingine akasema atapita."

Alipita mara nyingi, na kila alipopita mama alimwambia bado, subiri, nikiwa na shida nitakwambia. Hakuwa na shida hadi alipokufa. Baba alisikia, akaja msibani na bahasha. Kaka wa yule binti akamrudishia. Siku ya msiba hatupokei deni, alimwambia, usije ukasema umemaliza na sisi.

Nikamtazama mdogo wangu. Hiyo bahasha hatukuwahi kuisikia. Safari yenyewe hatukuwahi kuisikia. Pengine ni mojawapo ya zile siku alizosema anakwenda kuangalia shamba.

Kikombe cha uji pale ni shilingi 500. Watu kumi na wawili, siku tisa, ni 54,000; nusu yake 27,000. Tulitoa 50,000 kwa ajili ya ugali na mlenda, na kwa kuwa Mama alisema tusiwe wachoyo na unga uliotolewa mwaka wa njaa. Yule dada akapokea kwa mikono miwili. Akaniuliza Baba aliumwa nini, nikamwambia, akaniuliza alikufa akiwa na nani, nikamwambia na sisi sote. Akasema vizuri. Mteja akaja akataka uji wa kubeba, tukampisha afanye kazi.

Bodaboda hadi Mpwapwa, basi hadi Dodoma. Usiku nikiwa nyumba ya wageni nililifungua daftari na kutafuta Juni 2002. Nilijua nitakachokuta. Tarehe 24 mwezi huo treni ya abiria ilirudi nyuma kwenye mwinuko wa Igandu na kugongana na treni ya mizigo. Walikufa watu 281. Gangi za upande wa Itigi zilipelekwa kusaidia. Daftari lina maandishi hadi tarehe 23, halafu kurasa mbili hazina hata tarehe, halafu Julai: kilomita, boliti, hakuna mvua. Hakuwahi kuzungumzia siku zile, na hatukuwahi kumuuliza.

Alhamisi: Itigi

Barabara ya Manyoni ni nzuri siku hizi, ila nilikosa Saranda. Tulipokuwa tukisafiri kwa pasi ya likizo, ile ya bure ya wafanyakazi na familia zao, treni ilikuwa inatoka Bahi na Kintinku kwenye tambarare, inaanza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa ikitweta, na ukifika Saranda madirisha yote yanajaa mikono inayonyooshea kuku wa kukaanga. Baba hakununua kabla ya kushuka kusalimia gangi la pale. Tulikuwa tunamtazama kwa hofu, treni inapiga honi, yeye bado ameshikana mikono na watu. Hakuachwa hata siku moja. Mama ndiye aliyekuwa anazeeka.

Itigi tuliishi miaka kumi. Ni mji wa vichaka; pori lake la miti mifupi iliyosongamana ni la aina yake, tembo mwenyewe akiingia humwoni. Fundi seremala nilimkumbuka kwa sura mara tu nilipomwona, amekonda tu.

Mwaka 2000 nilichaguliwa kwenda Tabora Girls. Orodha ya vitu vya shule ilitaka sanduku la mbao lenye kufuli. Baba akaniletea sanduku la mninga, zito, imara, halijapakwa rangi. Wenzangu walikuwa na ya buluu na ya kijani, yenye majina kwa herufi nyeupe. Langu lilikuwa rangi ya mti. Mwaka mzima niliwaambia ndivyo nilivyopenda.

Fundi akalisoma daftari, akalirudisha.

"Hapa ameandika moja. Yalikuwa mawili."

Tukafikiri anataka kutupandishia. Mdogo wangu akaanza kusema kwamba maandishi yanasema moja. Fundi akamwambia tulia, nieleze. La pili lilikuwa la kijana wa mwenzake wa gangi, aliyefariki mwaka mmoja kabla. Huyo kijana naye alikuwa amefaulu. Baba aliagiza yote mawili kwa siku moja, la kijana lipakwe rangi ya kijani na liandikwe jina. Akalipa la kijana lote, taslimu, pale pale. Fedha iliyobaki ikawa haitoshi la kwangu, na rangi haikununuliwa. "Akasema la binti yangu niandikie deni, yeye hatanidai sababu."

Nilimkumbuka yule kijana. Tulipanda treni moja siku ya kwenda shule, sanduku lake likiwa juu ya langu, na mimi nikilionea wivu njia nzima. Sasa ni mtu mzima, yuko Mwanza, ana watoto. Alikuja msibani akalia kupita ndugu wengine, nikajiuliza kulikoni.

Sijui nilisikia nini pale kwa fundi. Fahari, ndiyo, lakini si fahari peke yake. Mtoto wa miaka kumi na minne alikuwa bado yumo ndani yangu anataka rangi yake ya kijani.

Halafu fundi akatupandishia kweli. Sanduku la mninga siku hizi hulipati kwa elfu sitini, mninga wenyewe uko wapi? Tukabishana nusu saa, tukanywa na chai katikati, tukakubaliana 40,000 kwa kile kilichobaki. Mdogo wangu alitoka akinung'unika. Mimi niliona ni halali yake: amengoja miaka ishirini na zaidi bila kutuma mtu.

Ijumaa na Jumamosi: Tabora

Kutoka Itigi tulifika jioni. Miembe ya Tabora iko pale pale, na stesheni nayo, ambako njia inagawanyika: mkono mmoja Kigoma, mwingine Mwanza uliokamilika 1928. Ijumaa hatukufanya kitu zaidi ya kula na kulala.

Mwenye nyundo anakaa Cheyo. Miguu imemwishia, anatembelea fimbo mbili, lakini sauti ni ya mtu aliyezoea kupiga kelele upepo ukivuma. Mdogo wangu akafungua taulo.

Nyundo hii nimeishi nayo tangu Baba astaafu mwaka 2007. Alipigilia nayo banda la kuku, alitengeneza nayo viti vya jirani, alivunjia barafu ya sharubati siku ya ndoa yangu. Kichwa chake kimelika upande mmoja, kimetoa mdomo mdogo wa kung'aa. Mpini ni wa mti mweusi. Karibu na kichwa kuna bonde la kidole gumba lililochimbika kwa miaka. Nilijua bonde lile si la gumba la Baba. Gumba lake lilikuwa kubwa zaidi, halikukaa humo vizuri, kwa hiyo aliishika chini kidogo, na huko kuna alama ya pili, changa. Mzee akaichukua, akaweka gumba lake kwenye bonde la juu. Likaingia lote.

Akagonga nayo mguu wa kiti. Akatabasamu.

"Baba yenu hakuniazima hii kwa sababu anaihitaji. Alikuwa na zake tatu."

Kisa ni kwamba waliwahi kununiana. Mzee mwenyewe alitusimulia bila kuficha: miaka ya nyuma alikuwa akinywa, na siku moja alikuja kukagua njia akiwa hajakaa sawa. Baba akamrudisha nyumbani, akatembea kipande cha wawili peke yake, na kesho yake akamripoti. Rafiki yake, mtu aliyemshikia watoto. Wakakaa muda mrefu hawasemezani, wanafanya kazi kwenye reli moja, huyu anapiga huku na yule kule.

Nilimuuliza kama alimsamehe mapema. Akasema wala. Kilichomgeuza ni asubuhi moja ya Julai karibu na Kazikazi. Baridi ilikuwa kali, reli imepasuka, ufa unaingiza vidole. Treni ya abiria iko njiani. Baba akakimbia kuielekea na bendera nyekundu, akafunga vile vidude vya baruti juu ya reli mbali na ufa, ili dereva asikie hata kama haoni, akaendelea kukimbia. Treni ikasimama. Abiria wakatukana kupitia madirishani, dereva akashuka na hasira zake, akaja mpaka kwenye ufa, akachuchumaa, akatia mkono. Akapanda tena bila kusema neno. Mzee na Baba wakaunga pale kwa vyuma viwili na boliti, treni ikavuka taratibu kwa mwendo wa mtu anayetembea, na wao wamepiga magoti pembeni wanatazama kila gurudumu.

"Nikajiuliza, ingekuwa ni zamu yangu, na niko vile nilivyokuwa siku ile aliyoniripoti?"

Hakumwambia Baba hayo. Baba naye hakusema kitu. Siku chache kabla ya kustaafu ndipo alipokuja mlangoni, akasema naomba nyundo yako, yangu imevunjika mpini. Uongo mtupu. Akaketi, akapewa chai, wakaongea mpaka usiku. Na kwa kuwa hakuirudisha, kila mwaka alikuwa na sababu ya kupiga simu: nyundo yako ninayo, nitaileta.

Tulimwambia kama anapenda tubaki nayo tutafurahi. Akaikumbatia. "Nyundo yangu naitaka." Kwa kweli Baba alikuwa mbishi, na watu aliopatana nao ni wa aina yake.

Treni ya Kigoma iliondoka usiku.

Jumapili: Ujiji

Niliamka tunavuka Malagarasi, maji mengi na matete hadi macho yanapokoma. Uvinza wakaja na chumvi madirishani, tukamnunulia Mama. Kisha vilima, migazi, na Kigoma: jengo la stesheni la Wajerumani limekaa kifua mbele mwisho wa reli, ziwa liko nyuma yake. Baba aliondokea hapa akiwa na miaka ishirini na moja, amesikia Tabora wanaandika vibarua, hana hata senti.

Shangazi yetu hakuweza kuja kwenye mazishi, umri umemfunga. Tulimkuta uani anachambua dagaa. Alitukumbatia mmoja mmoja, akalia, akanyamaza, akatulisha. Hakutaka kusikia habari yoyote kabla hatujamaliza samli na wali. Ndipo mdogo wangu akatoa daftari.

Alisoma mwenyewe. Kusoma alijifunzia ukubwani, kwenye madarasa ya elimu ya watu wazima ya miaka ya sabini, na anapenda watu wajue. Akaweka kidole chini ya mstari: Da-da. Na-u-li. Akakaa nao muda.

Mbuzi alikuwa jike, alitueleza, mwenye mimba. Alimuuza kwa shilingi ishirini, noti moja. Mume wake aligomba wiki nzima.

Tulikuwa tumeshapita kuuliza bei: mbuzi jike mzuri pale Ujiji ni 150,000. Tukamkabidhi. Mdogo wangu, hesabu hazimwachi, akamuuliza kwa upole: Shangazi, na zile bati alizoezekea nyumba yako? Na sukari ya kila Ramadhani, na doti za kanga, na fedha za dawa? Hayo yote hayakutosha kufuta nauli?

Akamtazama kama anayemwona mara ya kwanza.

"Zile zilikuwa zawadi. Hii ni nauli."

Akaomba kalamu. Akaupiga mstari wake, akarudi juu akapiga na ile mitatu, baada ya kutuuliza mmoja mmoja kama kweli imelipwa na nani alipokea. Kisha akafungua zile noti mapajani.

Nikampigia Mama simu. Hakusalimia.

"Amekubali kuzipokea?"

"Amezihesabu mara mbili, Mama. Sasa anasema mbuzi alikuwa na mimba."

Mama akacheka mpaka simu ikakwaruza, mara ya kwanza tangu msiba. "Mpeni wa mtoto pia," akasema. "Huyo ndiye wifi yangu."